Mguu wa Yusta na Presha Yangu

Jumapili, 3 Machi 2024. Mlandege, Iringa

Nesi Frida wa zahanati kanipa masharti: nipunguze chumvi, nimeze vidonge bila kuruka siku, na kila nikitaka kumpigia mtu kelele, hiyo kelele niiandike kwenye daftari. Nikamwuliza, je, daftari likijaa? Akasema nitanunua jingine. Mabinti wa siku hizi hawakosi jibu.

Basi naandika. Mimi ni Gerson Kalinga, fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye duka la mbele ya nyumba yangu hapa Mlandege. Mtu ninayempigia kelele kuliko wote ni binti yangu Yusta, wa kidato cha pili, na hana kosa lolote ila kwamba anakimbia vizuri. Kaka zake wawili walimaliza kidato cha nne wakarudi nyumbani na vyeti ambavyo havijawafungulia mlango wowote, sasa wako Mafinga wanapakia mbao. Sisemi kupakia mbao ni kazi mbaya. Nasema nimechoka kuona watoto wangu wakirudi.

Mwezi wa sita kuna mashindano ya kanda kule Mbeya. Wasichana watatu wa kwanza katika mita elfu tatu watachukuliwa na shule ya michezo, wasome na kufundishwa humo humo. Yusta anaweza. Mwalimu wake anasema anaweza, majirani wanasema anaweza, na mimi nikifumba macho namwona anamaliza. Halafu namwona anaanguka, na moyo unaanza kukimbia yeye akiwa amelala zake.

Mama Yusta kasoma hapa nyuma ya bega langu akasema, "Hujaandika kwamba na mimi unanipigia." Nimeandika.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Nimeshona sketi. Sijampigia mtu kelele isipokuwa mteja mmoja, na huyo alistahili.

Jumamosi, 9 Machi

Mashindano ya kata. Yusta kawa wa kwanza, kawaacha wenzake mbali mpaka watu wakadhani amekosea mzunguko.

Mimi nilisimama kwenye kona ya mwisho. Kila akipita nilimwelekeza: panua hatua, shusha mabega, usigeuke nyuma. Mzunguko wa tatu mwalimu wake wa mbio, Anord, alikuja taratibu akanishika mkono. "Mzee Kalinga, naomba ukasimame kule ukutani." Nikamwambia mimi ndiye mzazi. Akasema, "Najua, mzee. Hata wanaopita barabarani sasa wanajua."

Nikaenda ukutani. Kijana ana adabu lakini hajazaa, hajui mtoto akikimbia na wewe unakimbia, ila wewe umesimama tu huna pa kuitoa hiyo pumzi. Nyumbani Mama Yusta kaniuliza nani kashinda, Yusta au mimi, maana mimi ndiye nimerudi bila sauti. Huyu mwanamke ni Mnyakyusa wa Rungwe, na Wanyakyusa hawaogopi mume.

Jumanne, 19 Machi

Mwalimu kawapandisha mlima wa Ipogolo kwenye mvua, kutoka mtoni mpaka mjini. Yusta karudi ameloa chapachapa, kakaa karibu na jiko akashika ugoko wa mguu wa kulia. Nikamwuliza ana nini.

"Kama baridi hivi, baba. Ndani kwenye mfupa."

Hilo kwetu si geni. Mtu wa Iringa ambaye hajawahi kuingiwa na baridi kwenye mfupa, huyo ni mgeni au ana gari. Nimechemsha maji, nikatia chumvi ile ile niliyokatazwa mimi, nikachovya taulo na kumkanda kuanzia gotini kushuka. Mama Yusta alitaka amkande yeye, nikakataa. Mama yangu kule Kilolo, Bibi Benedicta, ndiye anayekanda kijiji kizima, na mikono hii nimeirithi kwake. Yusta alilia kidogo, nikalegeza. Baadaye kalala vizuri.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemkanda. Kasema afadhali.

Jumapili, 31 Machi. Kilolo

Pasaka. Tumekuja kwa mama. Mahindi yamesimama vizuri, barabara ni tope tupu, mama mwenyewe hasikii vizuri ila anajua kila kitu.

Nimemwonyesha mguu wa Yusta. Kaupapasa akasema, "Gerson, huyu baridi limemwingia kweli. Wewe unamkanda kama unamsalimia." Kanifundisha upya mbele ya watu wote, mimi mwenye mvi. Mkandaji anabonyeza akishuka mpaka mkandwaji alie. Akilia, hapo ndipo baridi lilipo. Unaacha hapo hapo, unapaka mafuta ya kondoo, unafunga kitambaa. "Asipolia hujafika. Akilia usipite. Ndivyo tunavyojua, hatuna kipimo kingine."

Kabonyeza yeye, Yusta akalia palepale, mama akaacha. Kanipa kopo la mafuta. Mama Yusta alipakua ugali kama mtu aliyeudhiwa.

Jumamosi, 6 Aprili

(Naandika hii tarehe kumi, maana siku hiyo sikuweza.)

Mashindano ya wilaya. Nilisimama ukutani mwenyewe bila kuambiwa, ili mwalimu Anord asipate cha kusema. Yusta alianza vizuri, halafu katikati akaanza kupungua. Msichana mmoja mrefu wa Kihesa alimfikia, wakawa sawa, nami nikaanza kuita jina la mwanangu mpaka nikaona ukuta unasogea. Nakumbuka niliwaza, wamejenga vibaya huu ukuta. Kisha nikawa chini.

Nilizinduka hospitali nikiwa na mipira puani. Mama Yusta alikuwa amekaa pembeni na viatu vya Yusta mapajani. Daktari alisema nimepona kwa bahati, presha ilipanda mpaka kidogo mshipa upasuke kichwani. Nikauliza nani kashinda. Mama Yusta aligeuza uso. Yusta ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, bado amevaa bukta ya mbio: "Nimeshinda, baba. Usiongee."

Nesi Frida alikuja kunitazama, akawatoa nje wote wawili na kuzungumza nao. Niliwasikia vipande vipande. Asishtuliwe. Asipelekewe habari mbaya. Nilifurahi kusikia hivyo, lazima niseme ukweli, maana hakuna aliyewahi kuniagizia jambo la raha namna hiyo.

Jumatatu, 15 Aprili

Nyumbani kwangu siku hizi hakuna baya linalotokea. Bei hazipandi, umeme haukatiki, hakuna aliyefariki mtaa mzima. Kuku wetu mweupe sijamwona tangu nitoke hospitali. Nimeuliza, nikaambiwa amehamia kwa jirani. Kuku gani huyo anayehama?

Nimecheka peke yangu dukani. Presha iko chini. Nesi kanisifu.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua zinapungua. Nimemkanda. Kasema hali imepoa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemkanda asubuhi na jioni. Imepoa, kasema, lakini nimemwona anashuka ngazi za kanisani upande upande, ameshika ukuta. Nikamwuliza. Akasema ni zoezi, mwalimu ndivyo alivyowafundisha, kunyoosha misuli. Basi mwalimu ana mazoezi ya ajabu.

Hajalia tangu Pasaka. Kwa kipimo cha mama, hiyo ina maana bado sijafika. Leo nimebonyeza kwa kidole gumba mpaka mkono wangu mwenyewe ukauma, nikamtazama usoni. Alikuwa anatazama kalenda ya kanisa ukutani, ametulia kabisa. Nikasema, "Hapa?" Akasema, "Hapo pazuri, baba." Nikaendelea.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nitaandika kirefu kwa sababu nimekasirika, na nesi alisema niandike.

Mwalimu Anord kaja dukani. Kasimama mlangoni, kavua kofia, kaniuliza hali, kaniuliza presha, nikajua hakuja kwa heri. Akasema, "Mzee, naona Yusta anachechemea. Anajificha, lakini naona. Naomba apumzike wiki kadhaa, na akapigwe picha ya mfupa."

Nikamwambia ni baridi, nashughulika nalo. Akasema huenda si baridi. Nikamwuliza yeye ni daktari? Akasema hapana. Nikamwita Yusta kutoka ndani, akaja, akasimama kati yetu wawili.

"Yusta, mguu unauma?"

Kanitazama mimi. Si mwalimu, mimi. Kanitazama kifuani, kama vile kuna maandishi kwenye shati.

"Hauumi, baba."

"Umesikia, mwalimu?"

Mwalimu akamgeukia. "Yusta, nikisema ruka kwa mguu huo mmoja, utaruka?"

Akaruka. Mara tatu, mbele yetu, akitabasamu. Mwalimu akavaa kofia, akasema, "Sawa, mzee," akaondoka. Nami nikamsindikiza kwa maneno mpaka barabarani. Nilimwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimwambia kama amepata msichana mwingine wa kumpeleka Mbeya aseme wazi, asizunguke na habari za picha. Wateja walisikia. Mwalimu hakugeuka.

Niliporudi Yusta hakuwapo. Mama Yusta akasema ameingia kuoga. Maji yalimwagika muda mrefu kule bafuni, ndoo baada ya ndoo.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua zimekatika. Baridi limeanza, asubuhi vidole havishiki sindano. Nimemkanda. Imepoa.

Jumapili, 19 Mei

Nimemkanda. Imepoa. Mafuta ya kondoo yamekwisha, nimeagiza mengine Kilolo.

Jumamosi, 25 Mei

Mashindano ya mkoa. Wa pili. Amepita, tunakwenda Mbeya.

Sikuhudhuria, nesi kakataa. Nilikaa dukani, nikashona kola moja nikaifumua, nikaishona tena, nikaifumua, mpaka kitambaa kikaisha nguvu. Mama Yusta ndiye aliyekwenda. Alirudi akasema "wa pili" kwa sauti ile anayotumia kuniambia maharage yameungua. Nikamwuliza mbona hafurahi. Akasema amechoka kusimama juani. Juani, mwezi wa tano, Iringa.

Yusta alipitiliza chumbani bila kuvua viatu. Nilichukua beseni nikamfuata. Walikuwa wameketi kitandani na mama yake, vichwa vimekaribiana, wakanyamaza nilipoingia.

Ijumaa, 7 Juni

Leo jioni Mama Yusta aliacha kupepeta mchele akaniita jina langu. Si Baba Yusta. Gerson. Ameniita hivyo mara chache sana tangu tuoane, na mara zote palikuwa na jambo.

Nikasema, sema. Na niliposema tu hivyo, moyo ukaanza. Nikaweka mkono kifuani, nadhani niliuweka bila kukusudia. Sijui. Nimejiuliza tangu saa hiyo kama niliuweka kwa kukusudia. Aliutazama ule mkono wangu muda mrefu.

"Hakuna," akasema. "Chumvi imeisha."

Chumvi haikuwa imeisha. Niliiona kwenye kopo. Ningeweza kusema, mama, chumvi ipo, sema ulichotaka kusema. Nilirudi kukaa. Nikajiambia bado wiki moja tu, baada ya Mbeya nitauliza kila kitu.

Naogopa. Hii siyo kelele, ni hofu, na daftari halisaidii. Nikimtazama Yusta anatembea, kuna kitu kinaniambia jambo nami nakinyamazisha. Mungu wangu, mpe wiki moja. Mguu huo umpe wiki moja tu, halafu uchukue wangu.

Alhamisi, 13 Juni. Mbeya

Tumesafiri na basi la asubuhi, sisi watatu. Shule ilitangulia na wengine, mimi niliomba Yusta aje nasi ili nimkande njiani tukisimama. Mwalimu Anord alikubali bila kubishana, hilo nalo likaniudhi. Chimala basi lilisimama, Mama Yusta akashuka kumnunulia mdogo wake wa Uyole mchele, na Yusta akabaki kwenye kiti. Nikamwambia ashuke anyooshe miguu. Akasema amelala. Alikuwa macho.

Tumefikia Uyole kwa shemeji yangu Esnath, mdogo wake Mama Yusta, mjane, analima viazi na hana simile. Katupokea, "Ndaga, ndaga, karibuni," kisha kamtazama Yusta anavuka uwanja wa nyumba na ndaga zikaisha. Kaniuliza, "Shemeji, huyu mtoto ana nini?"

"Baridi," nikasema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. Mama Yusta akamwita jikoni upesi.

Jumapili, 16 Juni

Nitajaribu kuandika yaliyotokea jana kwa mfuatano wake.

Uwanja ulikuwa na ukungu mpaka saa tatu. Nilikaa kwenye nyasi nyuma ya watu, vidonge mfukoni, Mama Yusta upande mmoja na Esnath upande mwingine kama askari wawili. Nilikuwa nimemkanda alfajiri. Nilibonyeza kuliko siku zote, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho na kipimo kilikuwa hakijatimia. Alitoa jasho usoni, katika baridi lile la Uyole. Nilimfuta jasho. Nilimwambia, wewe ni mtoto shujaa.

Walianza. Alikuwa wa tano, wa nne, akakaa hapo wa nne mizunguko mingi. Sikupiga kelele hata moja. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia akaongeza, akampita wa tatu, na mimi nikasimama. Mbele yake palikuwa na kona na kisha mstari ulionyooka. Aliingia kwenye kona, na mguu wa kulia ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Hakulia. Alianguka, akainuka kwa mikono, akaanza kutambaa. Wenzake walimpita, naye anatambaa kuelekea kwenye mstari. Mwalimu Anord alikuwa anakimbia, mimi nilikuwa nakimbia, sijui niliwapitaje watu. Nilifika wa kwanza. Nilipiga magoti, nikauona ule mguu.

Mwanangu alinishika ukosi wa shati akasema, "Baba, kaa chini. Kaa, baba. Umemeza dawa?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Mfupa umevunjika na anauliza habari za dawa yangu.

Hospitali walimpiga picha. Daktari ni mwanamke kijana, aliiweka kwenye mwanga akanionyesha. Palipovunjika jana, na kando yake, ukingo wa mfupa uliovimba kama fundo la mti. "Huu ufa si wa leo," akasema. "Una miezi. Ulianza mdogo kama unywele. Angepumzika, ungefunga wenyewe." Kisha akaona ngozi ya ugoko, ilivyobadilika rangi. "Alikuwa anakandwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akaniambia, bila ukali, kwamba kukanda peke yake hakuvunji mfupa, mbio ndizo zimeuvunja. Ila kila palipojaribu kuunga nilipabonyeza. Akauliza, "Ulikuwa unajuaje pa kuacha?"

"Akilia."

"Akawa halii?"

Alimtazama Yusta, na Yusta alikuwa anatazama dari.

Jumatatu, 17 Juni

Wamemfunga plasta kutoka pajani. Daktari anasema atatembea. Kuhusu kukimbia amesema tungoje, na nimeshaujua uso wa daktari anaposema tungoje.

Nilimkuta Mama Yusta nje, kwenye benchi, nikamwuliza nani alimwambia mtoto asilie. Nilikuwa na hasira tayari, nilikuwa natafuta wa kumpa.

"Mimi," akasema. "Wewe ukiwa na mipira puani. Nilimwambia, ukilia baba yako atakufa."

"Na wewe ulijua mguu unauma?"

"Nilijua. Nilitaka kukuambia, ukashika kifua." Hakuwa analia, alikuwa amekwisha kulia zamani. "Tulikuwa na mgonjwa mmoja nyumbani, Gerson. Hapakuwa na nafasi ya wa pili."

Mwalimu Anord alikuwa amesimama karibu na bomba, amesikia yote. Nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka mawili tu, nisamehe mwalimu. Akasema na yeye hajisamehi, aliujua mguu ule akaridhika na mtoto kuruka mara tatu. Tukakaa naye pale, wanaume wawili wazima, na hakuna kati yetu aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Jumatano, 19 Juni. Uyole

Yusta katolewa hospitali jana jioni. Nilikodi gari la kutupeleka moja kwa moja Iringa, nimeweka mito nyuma, nimepanga chumba chetu kiwe chake. Akiwa kitandani kwa Esnath akaniita.

"Baba, naomba nibaki hapa kwa mama mdogo. Mpaka nipone."

Nikamwambia kwao ni Iringa. Nikamwambia nitamhudumia mwenyewe, sitashona hata kifungo mpaka asimame. Akaniacha nimalize.

"Nyumbani siwezi kuumwa, baba. Mguu ukianza tu, nakutazama wewe kwanza. Jana usiku mama mdogo kanisikia nalia kaniletea uji akarudi kulala. Hakuna aliyekufa."

Nilisimama pale. Kelele ilikuja mpaka kooni, na daftari lilikuwa kwenye begi, na hata lingekuwa mkononi ningeandika nini. Mtoto ananikimbia mimi kwa mguu uliovunjika. Nilitaka kumwambia kwamba niko tayari, alie mbele yangu sasa hivi, nitamwonyesha kwamba sianguki. Nikaona hata hilo ni la kwangu, si la kwake.

Nikasema, "Sawa, mama." Nikatoka kumlipa dereva wa gari ajiendee zake.

Alhamisi, 20 Juni

Nimerudi na basi peke yangu. Mama Yusta kabaki naye siku chache.

Jumapili, 23 Juni

Presha iko chini. Sijui iko chini kwa sababu gani, na sitaki kujua.

Jumatano, 26 Juni

Mama kaniletea mafuta ya kondoo niliyoagiza, kayatuma na mtu wa Kilolo. Nimemrudishia huyo mtu ayapeleke. Sikuweza kueleza kwa nini.

Jumamosi, 29 Juni

Mama Yusta karudi. Tunaongea kwa adabu kama wapangaji. Jioni aliniambia kuku mweupe alikufa ile wiki ya hospitali. Nikasema najua. Akasema mwezi ule ule kijana wetu mkubwa alikatwa kidole na msumeno kule Mafinga, kidole kidogo, wakanificha. Hilo sikulijua. Akanisimulia na mengine, moja baada ya jingine, huku akinitazama kifua. Niliweka mikono yangu mezani, mahali anapoiona, nikaiacha hapo mpaka akamaliza.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi kali, maji ya ndoo ya nje hayashikiki. Nilikuwa nashona simu ikaita, Esnath. Sauti ikawa ya Yusta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alikaa kimya. Nilijua kile kimya ni cha nini, alikuwa anapima. Anapima sauti yangu, pumzi yangu, kama nimekaa au nimesimama. Ana miaka kumi na mitano tu, na tangu mwezi wa nne amekuwa nesi wangu. Moyo wangu ulikwisha kuanza kukimbia. Sikuushika. Nilishika meza.

"Niambie," nikasema.

"Leo sijambo kidogo tu. Jana mguu uliuma sana. Daktari kasema wataufungua tena wauwekee vyuma, haukukaa vizuri. Na kasema mbio basi, baba. Kasema nisidanganywe." Pumzi yake ikaanza kukatika. "Mimi nilikuwa nataka kwenda ile shule. Si kwa ajili yako. Nilikuwa nataka mimi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi, kwamba kuna madaktari wengine, kwamba Mungu yupo, kwamba usilie. Hasa hilo la usilie lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaufunga mdomo.

Akalia. Kwa sauti, kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, bila kujizuia, na mimi simu iko sikioni, mteja amesimama mlangoni na sketi mkononi ananitazama. Nilimpungia mkono akae. Yusta alilia mpaka akachoka, akapenga kamasi, akauliza kama bado nipo.

"Nipo," nikasema, naye akaanza kulia tena.